Mzee Wanyera na "Sawa" Iliyofika Mahakamani

Tarehe 30 Juni 1999, ofisi itakapofungwa saa kumi na moja jioni, Mzee Geresom Wanyera, karani wetu wa mawasiliano, atakuwa ametimiza miaka kumi na tisa na miezi minne katika Kampuni ya Mazao ya Kiira na Masaba, hapa Jinja. Aliingia Machi mosi 1980, na anatoka akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano. Katika muda huo alichelewa kazini mara mbili tu, na mara zote mbili alileta maelezo kwa maandishi bila kuombwa na mtu.

Jarida letu huandikwa kwa Kiingereza. Safari hii tumevunja desturi kwa sababu mwenyewe aliomba. Alisema Kiingereza amekitumia zaidi kupokea amri, na angependa kuagwa kwa lugha aliyofanyia kazi. Mhariri akanigeukia mimi, Burhan, niliyekuwa msimamizi wa ghala letu la Mbale, kwa kuwa nyumbani kwetu tulilelewa kwa Kiswahili, na hapa ofisini kila chenye harufu ya Kiswahili hutupiwa mimi. Nimekubali. Wanaotarajia kucheka tangu mwanzo hadi mwisho wanisamehe mapema, maana kazi ya mzee huyu haikuishia pachekeshapo.

Mzee Wanyera ni Msamia wa Busia, upande wetu wa mpaka. Mwaka 1964 aliajiriwa na magereza akafundishwa kutumia redio, na kwa miaka kumi na mitano hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Kila alfajiri vituo vyote viliitwa kwa zamu, na kila kituo kilitakiwa kujibu papo hapo kwa neno moja: sawa. Neno hilo halikuwa na maana ya kukubali wala kukataa. Maana yake ilikuwa nipo, nimekusikia, hakuna aliyetoroka. Kituo kikinyamaza, gari la askari lilitumwa kwenda kuona kulikoni. Mzee anasimulia kwamba alinyamaza mara moja tu, kwa sababu ya tumbo la kuhara, na askari kumi na wawili wenye bunduki wakaja wakamkuta chooni. Tangu siku ile hajaacha kwa hiari yake ujumbe wowote bila jibu.

Alipokuja kwetu watu walimwogopa. Wakati ule Kiswahili kwetu kilikuwa lugha ya askari, na mtu mwenye kukisema kwa sauti kubwa kwenye simu hakuwa mtu wa kukaa karibu naye. Babirye, dada yetu wa mapokezi, alikiri miaka mingi baadaye kwamba mwezi mzima alificha redio yake ndogo ndani ya kopo la sukari, akiamini kwamba mgeni huyu alitumwa kutupeleleza. Hofu iliisha taratibu, tulipogundua kwamba anamwita kila mtu afande, pamoja na mama anayetuletea chai.

Kwa miaka kumi na zaidi alikuwa mtu wa teleksi. Wakubwa wetu wengi ni Wasoga na Wagisu, na wakimsomea ujumbe wa kutuma, herufi za r na l hubadilishana viti. Madereva nao wakipiga simu ni hivyo hivyo. Siku moja dereva alimtaka aandike kwamba "rori imerara Tororo, tairi imerika." Mzee akaandika lori limelala Tororo kwa sababu tairi limelika, akatuma Nairobi, kisha akamsomea dereva kwa upole jinsi alivyosikika kule. Alikuwa na daftari la maneno yaliyokwisha kumletea taabu, na nadhani lilikuwa la pekee katika Uganda nzima. Mwaka 1991 ilikuja faksi, akaizoea kwa juma moja.

Mteja akituma oda kwa teleksi au faksi, Mzee Wanyera alijibu pale pale: "Sawa. Wanyera." Wateja wetu wa zamani, wa Kisumu, wa Eldoret na hata wa Nairobi, walijua kwamba hiyo ni alama ya kupokea tu. Mkataba wenyewe ulikuja baadaye kwa posta, na sahihi ya mkurugenzi na muhuri wa kampuni juu yake. Hakuna aliyewahi kuona haja ya kuiandika kanuni hii mahali popote. Tuliijua kama tunavyojua mlango wa choo uko wapi.

Agosti 1997 kampuni ilinunua kompyuta, ikaungwa kwa waya wa simu mpaka Kampala, na sisi tukawa watu wa imeili. Mkurugenzi wetu, Bwana Isabirye, alifurahi sana. Alichapisha karatasi mpya za barua zenye anwani ya imeili chini yake, na maneno ya kuwakaribisha wateja wafanye biashara nasi kwa njia hiyo saa yoyote. Anwani ilikuwa moja kwa kampuni nzima. Neno la siri la kufungulia lilikuwa Kiira, na liliandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye kikaratasi kilichobandikwa ukutani juu ya kompyuta, ili lisisahauliwe. Nani anaruhusiwa kukubali bei kwa njia ile, nani haruhusiwi, na ujumbe usio na muhuri unahesabiwa kuwa nini, hayo hakuna aliyeyauliza. Mashine ilikuwa mpya na sisi tulikuwa tunaipapasa tu na kuisifu.

Jumatano moja ya Oktoba mwaka huo, Bwana Isa, mfanyabiashara wa Mombasa ambaye tulikuwa tumemuuzia mara mbili tu, tena kwa fedha mkononi, alituma imeili. Nimeisoma mara nyingi mpaka nimeihifadhi. Alitaka magunia mia tisa ya maharagwe ya Mbale kwa bei ya mwezi uliopita, yafike Malaba, mpakani, kabla ya Novemba kwisha. Alimalizia hivi: "Nijibu leo, nikachukue nafasi melini." Mzee Wanyera akafanya kama alivyofanya tangu 1964. Akaandika sawa, akaweka jina lake, akatuma. Kisha akauchapa ujumbe ule kwenye karatasi na kuuweka katika trei ya mkurugenzi.

Bwana Isabirye alikuwa amekwenda kuzika Kamuli. Alirudi na malaria, akalala nyumbani siku nane. Huku nyuma Bwana Isa alituma ujumbe mara tatu, akieleza kwamba meli imepatikana, kwamba amekwisha kuahidi mzigo kwa watu wa ng'ambo, kwamba anatutegemea. Mara tatu akajibiwa sawa. Kila ujumbe ulichapwa ukawekwa katika trei, na mkurugenzi alipopata nafuu alizikuta karatasi nne zimelaliana.

Mvua za mwisho wa mwaka ule kila mtu anazikumbuka. Barabara za mlimani zilikatika, madaraja yakaenda, na maharagwe yaliyoweza kufika Namatala, mtaa wa Mbale lilipokuwa ghala langu, yakawa ghali kuliko nilivyowahi kuona. Mkurugenzi alisoma bei ya Bwana Isa akacheka kwa uchungu. Alisema hatujakubaliana na mtu yeyote chochote, akaziweka zile karatasi kando. Novemba ikaisha, hatukupeleka hata gunia moja Malaba. Meli ikaondoka.

Januari Bwana Isa alikuja Jinja mwenyewe, mwembamba, kofia yake safi, imeili zake zote ndani ya mfuko wa plastiki. Alipita mapokezi akaenda moja kwa moja chumba cha mawasiliano. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililotutisha. Alimpa mzee mkono kwa heshima akamwuliza: "Bwana Wanyera, si ni wewe uliyenambia sawa?" Mzee akasimama, akajibu kwamba ndiyo, ni yeye. Kesi ilianza kuhesabiwa kutoka pale, ingawa karatasi za mashtaka zilikuja majuma sita baadaye.

Kesi yenyewe ilisikilizwa hapa Jinja, Aprili 1998. Kwa mtu wa ghala kama mimi ilikuwa elimu, ingawa ada yake ilikuwa kubwa mno. Siku nzima ilikwenda kwa swali la mahali mkataba ulipozaliwa, kama ni Jinja neno lilipoandikwa au Mombasa liliposomwa, maana sheria za nchi hizi mbili si moja. Siku ya pili ilikwenda kwa swali la barua halisi. Sheria inataka ya asili, si nakala, na hakuna aliyejua imeili ya asili inakaa wapi. Wakili mmoja alisema imo ndani ya kompyuta ya Jinja. Mwingine akasema imo Mombasa. Karani wa mahakama akauliza kama haikubaki Kampala, inapopitia. Mwishowe iliamriwa kompyuta yetu iletwe. Vijana wawili wa kupakia magunia waliibeba kupitia Main Street ikiwa imefunikwa kwa kitenge, ikafungwa lebo ya kielelezo shingoni, ikakaa mahakamani majuma mawili. Iliporudi ilikuwa na mjusi ndani.

Kisha yakaja mabishano juu ya neno. Mkalimani alilitafsiri kwa namna nne na jaji akamwomba achague moja. Wakili wetu, Bwana Mugweri, alisema kwamba nchini Uganda sawa si ahadi. Mtu humwambia sawa mhubiri wa barabarani na hamfuati, humwambia sawa anayemwomba kazi na hampi. Wakili wa Bwana Isa alisema kwamba Mombasa ukitajiwa bei ukasema sawa, umeuza, na kilichobaki ni kutafuta wachukuzi. Nilikuwa nimekaa nyuma, nikaona wote wawili wanasema kweli. Malaba palepale neno linabadilika maana, na hakuna ofisa wa forodha anayelikagua.

Lakini ngao yetu kubwa haikuwa hiyo. Bwana Mugweri alikuwa amegundua kwamba jina lililochapwa kwa mashine si sahihi ya mkono. Neno la siri lilikuwa ukutani. Yeyote aliyeingia chumba kile angeweza kukaa, kuandika sawa na kuchapa Wanyera chini yake. Bwana Isa alikuwa na karatasi tu, na karatasi haziwezi kuapa. Kilichohitajika ni mzee mwenyewe aseme hakumbuki.

Jioni kabla ya siku yake ya kutoa ushahidi walimwita katika ofisi ya mkurugenzi. Mimi nilikuwepo. Bwana Mugweri alizungumza naye kwa adabu. "Mzee, huambiwi useme uongo. Sema tu hukumbuki. Kusahau si kosa kwa mtu wa umri wako." Bwana Isabirye hakuwa na ujanja wa wakili. Alimwambia wazi kwamba tukishindwa, ghala la Mbale litauzwa pamoja na malori, na wanawake thelathini na wanne wa Namatala wanaochambua maharagwe pale watarudi nyumbani. Aliwataja baadhi yao kwa majina. Mzee Wanyera alisikiliza akiwa amesimama, mikono nyuma. Mwishowe alisema atajibu kwenye kiapo, akaomba ruhusa ya kwenda, maana alikuwa hajafunga dirisha la chumba chake.

Kesho yake aliapa kwa Biblia na akamwita jaji afande, watu wakacheka, hata jaji. Ndicho kicheko cha mwisho ninachokikumbuka. Aliombwa azitazame karatasi nne. Alizitazama moja moja, akageuza na nyuma yake. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kambini ambacho sote tunakijua: "Ni mimi niliandika, afande. Zote ine. Hakuna mutu ingine anaandika jina yangu." Bwana Mugweri akasimama, akamkumbusha kwamba ni miezi sita imepita, kwamba ujumbe ni mwingi, kwamba binadamu husahau. Mzee akamwambia: "Wakili, mimi sijasahau. Nilitaka kusema nimepata barua yake. Kama yeye alisikia ingine, hiyo ni makosa yangu, si ya kompyuta."

Hukumu ilisomwa Julai. Jaji alisema kampuni inayochapisha anwani na kuwaita watu wafanye nayo biashara kupitia anwani hiyo haiwezi baadaye kumkana iliyemkalisha pale ajibu. Alisema neno husomwa kama msomaji mwaminifu angelisoma, na Bwana Isa alilisoma kwa uaminifu. Alisema jina lililochapwa linaweza kuwa sahihi ikiwa mwenye jina analikubali kuwa lake, na hapa mwenyewe alilikubali kwa kiapo. Halafu aliongeza, na sote tulilisikia, kwamba bila kiapo hicho karatasi zile zisingethibitisha lolote. Tulitakiwa kulipa fidia pamoja na gharama za kesi.

Niseme jambo kuhusu Bwana Isa, maana mmemtukana sana katika korido hizi. Hakuwa mwizi. Alikuwa ameahidi mzigo kwa watu wake kwa sababu ya neno letu, na wao hawakumwonea huruma. Baada ya hukumu alikuja kumpa mzee mkono tena. Mimi hakunipa, na nilimwelewa.

Ghala la Mbale lilifungwa Septemba. Bwana Isabirye alitaka kutuma barua. Mzee Wanyera aliomba aende yeye, na kwa siku mbili nilimtembeza Namatala, mlango kwa mlango, kupitia vile vichochoro ambavyo mvua ikinyesha huwezi kujua njia iko wapi na mtaro uko wapi. Hakutoa maelezo marefu. Aliwaambia kwamba kazi imekwisha na kwamba neno lililoimaliza ni lake. Wengine walimkaribisha chai. Mmoja alimwaga maji machafu karibu na miguu yake. Racheal, aliyekuwa kiongozi wa wachambuaji kwa miaka tisa na anayelea watoto watano peke yake, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza: "Mzee, kusahau siku moja tu ilikuwa ngumu namna hiyo?" Mzee akafikiri. "Ilikuwa ngumu, mama," akasema. Racheal akaingia ndani akafunga mlango. Siku hizi analima mashamba ya watu kwa kibarua.

Sijui kama alifanya vema. Nimetakiwa kuandika sifa, na ninaziandika, lakini itakuwa unafiki nikisema kwamba nimetulia. Nilikaa katika ghala lile miaka kumi na minne. Nilijua sauti ya kila mwanamke kwa jinsi anavyopepeta. Kuna siku nimemchukia mzee huyu kwa moyo wangu wote, nikiwa nimekaa naye meza moja tunakula muhogo. Kuna siku nyingine nimetamani niwe yeye. Mara nyingi siku hizo mbili huwa ni siku moja.

Kampuni haikumfukuza, na kwa hilo Bwana Isabirye anastahili heshima. Iliandika kanuni badala yake. Kwa ushauri wa wakili, tangu Agosti mwaka jana hakuna ujumbe unaojibiwa kabla mkurugenzi hajatia sahihi kwa kalamu, na chini ya kila imeili tunayotuma kuna mistari sita ya kusema kwamba tuliyoyasema huenda hatukuyasema. Kikaratasi cha kalamu nyekundu kimebanduliwa. Neno la siri sasa analijua mkurugenzi peke yake, anayekuja kufungua mashine kila asubuhi, naye hulisahau. Mzee Wanyera alibakishwa chumba kile kile kwa mshahara ule ule, akazuiwa kugusa kibodi. Kazi yake imekuwa kuchapa yanayoingia, kwa kubonyeza kipanya tu, na kuyapeleka katika trei. Watu wa Kisumu na Eldoret wanaandika kuuliza kama tumewapata. Anasoma, anachapa, anapeleka, anarudi kukaa. Babirye anasema wakati mwingine humwona akiisogeza midomo. Miezi kumi amekaa hivyo, na anayedhani hiyo si adhabu hajui magereza.

Mafanikio yake ni mengi na wengine wameyaandika katika ukurasa wa tatu: medali ya kampuni mwaka 1989, mafunzo aliyowapa makarani sita, teleksi iliyodumu miaka mitano zaidi ya umri wake kwa sababu alikuwa anaisafisha kila Ijumaa kwa kitambaa cha shati lake la zamani. Anahamia Budondo, kwenye shamba la mkewe, mama Cissy, ambaye kwa miaka yote hii amemfungia chakula cha mchana na kumkumbusha kwamba nyumbani hakuna afande.

Bwana Mugweri amepitia ukurasa huu kabla haujachapwa, kama kanuni inavyotaka. Alikata maneno mawili, nayo sikuyahitaji. Sehemu inayofuata hakuonyeshwa. Nimeiandika baada ya yeye kutia sahihi, na akiiona atashika kichwa.

Nilipoeleza juu ya kesi niliruka mtu mmoja. Siku moja kabla ya Mzee Wanyera kuapa, kampuni ilimsimamisha shahidi mwingine. Nilikuwa mimi. Nilishika Msahafu nikaapa kwamba kila Alhamisi, nilipokuja Jinja na sampuli za maharagwe, nilikuwa nikikaa kwenye ile kompyuta na kutuma ujumbe, na kwamba mimi na wengine tulimalizia kwa jina la Wanyera kwa sababu ya uvivu wa kulibadilisha. Nilisema huenda hata zile nne ziliandikwa na mtu mwingine. Nilisema hivyo kwa ajili ya ghala, na kwa ajili ya wale wanawake, na kwa ajili ya kiti changu. Mzee alikuwa amekaa benchi la mbele. Hakugeuka.

Sijawahi kutuma imeili maishani mwangu. Mpaka leo sijui ile mashine inawashwa wapi.

Kesho yake, alipomaliza kusema kwamba ameandika yeye, wakili wa Bwana Isa alimwuliza mbele ya watu wote kama basi mwenzake Burhan ni mwongo. Ingekuwa rahisi kwake kusema ndiyo. Ingemsaidia hata yeye. Akajibu: "Mimi nimekuja kusema yangu. Ya Burhan, Burhan iko hapa, mumuulize." Jaji alitazama saa, akasema inatosha, na kesi ikaendelea. Hakuna aliyeniuliza, si siku ile wala baadaye. Mzee mwenyewe hakuniuliza. Tulitembea Namatala siku mbili, mlango kwa mlango, yeye akibeba lawama ya wanawake wale peke yake, na mimi nikimwonyesha njia.

Maandishi haya yatasomwa kwa sauti siku ya kukuaga, Mzee Wanyera, na msomaji nitakuwa mimi. Mkurugenzi atakuwa amekaa upande wa kulia na wakili karibu naye. Nimewalipia nauli Racheal na wenzake saba waje kutoka Mbale, nao watakuwa nyuma. Kwa hiyo najibu sasa, mbele yao. Nilisema uongo juu ya jina lako, na wewe ulijua, na kwa miezi kumi na minne umekuwa ukiniamkia kila tukutanapo kama mtu mwenye jina safi. Nakuomba radhi. Kama kuna lawama iliyobaki Namatala, wanawake wale wajue kwamba siku ile tulikuwa watu wawili tuliopewa nafasi ya kuliokoa ghala, na kwamba aliyekubali kuuza kiapo chake ni mimi, na ghala halikupona.

Wafanyakazi wote tunakushukuru kwa miaka kumi na tisa. Nenda Budondo ukapumzike na mama Cissy, ule ushibe, ulale mpaka jua litoke. Tunakuombea uzee mwema, mzee, na mimi naomba uniruhusu nije kukuona.

Burhan,
aliyekuwa msimamizi wa ghala, Mbale